Kitengo Kilichobobea Kuaga

Hivi kuna mtu wa Gerezani asiyekijua Kitengo cha Misaada ya Haraka? Lile ghala la zamani upande wa reli, jirani na mafundi wa springi za malori. Mto Msimbazi ukifurika, humo ndimo yanamotoka magodoro, mablanketi na ndoo za watu waliokumbwa na maji. Mvua ikikatika, humo ndimo wanamotoka wafanyakazi. Na wanatoka hao, si mchezo! Huyu kapata kazi kwenye shirika la wafadhili, huyu kahamishiwa Dodoma, huyu mkataba wake umeisha na hakuna aliyekumbuka kuuongeza, na mmoja alisema anakwenda kunywa chai Mchafukoge, hajaonekana mpaka leo.

Basi kwa kuondokewa huko kitengo kikapata ujuzi mmoja ambao hakuna ofisi Bongo nzima ingekifikia: kuaga. Kila Ijumaa mchana palikuwa na hafla ya kumuaga mtu. Kamati ya sherehe ndiyo idara pekee iliyokuwa na watu kamili. Mwenyekiti wake alikuwa Moza wa mapokezi, na mshereheshaji alikuwa Kitwana, dereva wa lori, mwanamume ambaye ukimpa kipaza sauti humnyang'anyi tena. Mfanyakazi mpya akiripoti Jumatatu asubuhi, Moza anamwangalia mabega, anasema moyoni, huyu kitenge cha kijani cha kuagwa kitamkaa. Hakuwa na ubaya wowote, masikini, alikuwa anajipanga mapema.

Aliyekuwa amewaaga wenzake kuliko wote alikuwa Severa Haule, mtunza ghala, mwanamke wa Songea, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega. Amepiga vigelegele mpaka koo likazoea. Na sasa ilikuwa zamu yake mwenyewe. Mume wake Beno alikuwa anafundisha sekondari kule Songea, binti yao alikuwa huko huko na bibi yake, na Severa alikuwa ameomba uhamisho kwenda ofisi ya mkoa mara nyingi hata aibu ilikwisha. Safari hii Songea walikuwa wamemkubali na makao makuu wamemkubali. Ilikuwa imebaki saini ya mkuu wa kitengo, Bwana Robert.

Robert alikuwa bosi wa suti na feni. Ghalani hakuwahi kuingia, alisema vumbi la magodoro linamletea mafua. Severa alipokwenda kumkumbusha ile saini, alimkuta amekaa ukingoni mwa kiti, kijasho chembamba kinamtoka na feni inazunguka.

"Severa, tumekwisha," akasema. "Kamati ya Bunge inakuja Ijumaa. Wamesikia watu wanaondoka, wanataka kujua kwa nini."

"Si tuwaambie tu, bosi?"

"Tuwaambie nini? Kwamba mtunza ghala naye anafunga mizigo? Wataning'oa!" Akajifuta uso. "Sikiliza, mama. Ijumaa wakituona tumetulia, hakuna anayehama, hakuna anayelalamika, wakaondoka kwa amani, Jumatatu nakusainia. Nakuapia. Lakini ukifungua mdomo kuhusu Songea, uhamisho wote utasimamishwa, na wa kwako wa kwanza."

Severa angefanya nini? Alikuwa tayari kusema samaki wa soko la Feri wanaota mbawa, ilimradi Jumatatu ifike. Akaitikia, akatoka.

Robert akawaita Moza na Kitwana, akawapa amri moja tu: "Ijumaa kuna wageni wazito. Andaeni mapokezi ya heshima." Halafu akafunga mlango, akaendelea na kijasho chake. Hapo ndipo alipokosea. Unawaambia watu wanaojua sherehe ya aina moja waandae sherehe, unategemea waandae ipi?

Moza akatoka mbio kwenda Kariakoo. Akapitia kwa Mzee Hasmukh, muuza vitambaa wa Mchafukoge, ambaye familia yake imeuza vitambaa kwenye fremu ya duka lile tangu baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Moza. Safari hii anaondoka nani?"

"Haondoki mtu, mzee. Ni wageni wa Bunge."

"Haya, haya," Hasmukh akasema huku mkasi umeshaingia kwenye kitenge, doti ile ile ya kila wiki. "Mwambie namtakia safari njema."

Ijumaa ikafika. Waheshimiwa walishuka kwenye magari wakitegemea chumba cha mkutano na chupa za maji. Wakakuta ukumbi umefungwa vitambaa vya dhahabu na zambarau, meza kuu ina maua, viti vina mapinde ya vitambaa nyuma, na mlangoni vijana wa matarumbeta wamejaza mashavu. Pembeni, juu ya meza yake peke yake, amesimama ndafu: mbuzi mzima wa kuchomwa, anang'aa mafuta, majani mdomoni. Robert aliuona ule ukumbi akiwa mlangoni. Akamkonyeza Moza, na Moza akamjibu kwa tabasamu pana, maana alidhani anasifiwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mfupi, Mheshimiwa Victoria, miwani imening'inia kwenye mkufu, si mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Akakaa meza kuu. Akamtazama mbuzi. Mbuzi naye kama anamtazama.

"Bwana Robert," akasema, "twende kwenye hoja. Watu wako wanaondoka kwa nini?"

"Mheshimiwa, waliowaambia hayo ni wambea tu. Hapa tumetulia kabisa. Ni familia."

"Wote ninaowaona hapa mpo, na mtakuwepo?"

"Wote!" wakaitikia kwa sauti moja. Severa aliitikia kuliko wengine, na moyoni akasema, Mungu wangu nisamehe, ni mpaka Jumatatu tu.

Mambo yakaanza kwenda vizuri. Mheshimiwa mmoja akauliza habari za mablanketi akajibiwa, mwingine akauliza habari za lori, Kitwana akajibu kwa hotuba. Robert akaanza kupumua. Mwenyekiti akavaa miwani yake, akasema, "Vizuri. Sasa ngoja tukaone ghala," akainuka.

Jamani! Pale kitengoni, mtu wa meza kuu akishainuka, watu hawana breki. Miili yao imezoea. Tarumbeta likalia. Kina mama wakaachia vigelegele. Kitwana akaruka katikati na kipaza sauti, "Anaondokaaa! Kipenzi chetu anaondokaaa!" na ukumbi mzima ukaitikia, "Mwacheni aende!" Kabla mwenyekiti hajafunga mdomo, Moza alishamfika na kitenge, kamzungushia kiunoni, kafunga fundo, kambusu shavu la kulia na la kushoto, na machozi yanamtoka kabisa. Mhudumu wa chai, aliyeripoti kazini Jumanne, alikuwa analia kwa kwikwi.

"Acheni!" Robert akapiga kelele. Nani amsikie?

Muziki ulipokatika, Mheshimiwa Victoria alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kitenge juu ya suti, miwani imekaa upande.

"Mbona mnaniaga," akauliza taratibu, "na ndiyo kwanza nimefika?"

Moza akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani, Mheshimiwa," Kitwana akasema. "Ni mazoea."

"Mazoea ya nini?"

Sasa Kitwana ana ugonjwa mmoja. Akiwa bila kipaza sauti anaweza kudanganya kama dereva mwingine yeyote. Akiwa nacho mkononi, hawezi, anaona kama anaongea na ndugu zake wote waliopo na waliokufa. "Mazoea ya kila Ijumaa," akasema, na spika zikarudia.

"Ijumaa iliyopita mlimuaga nani?"

"Mhasibu."

"Na ile ya kabla yake?"

"Mhasibu aliyemtangulia."

Waheshimiwa wakashindwa kujizuia, wakacheka. Robert alikuwa anatafuta pa kukaa na viti vyote vina mapinde. Kitwana, kwa kuona mambo yamechangamka, akaongeza, "Hata kamati yenu, Mheshimiwa, tulishaiaga. Walikuja waheshimiwa wengine na swali hili hili. Nao walihamishwa?"

"Kamati zimepangwa upya," mwenyekiti akasema, safari hii kwa sauti ndogo. Akaketi, na kitenge chake vile vile. "Haya. Nani amekaa hapa kuliko wote?"

Vidole vyote vikamwelekea Severa. Alitamani kujificha nyuma ya mbuzi.

"Simama, mama. Wenzako wote wanaondoka. Wewe umebakije?"

Severa akamtazama Robert. Robert akamtazama kwa macho ya kuomba, midomo inaunda neno moja bila sauti: Jumatatu. Severa akatoa jibu ambalo bosi angelipenda. "Ni uzalendo tu, Mheshimiwa."

"Mmeona!" Mwenyekiti akapiga meza. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza. "Kumbe wapo! Huyu ndiye nguzo. Katibu, andika: kamati inaagiza mtumishi huyu asiguswe, asihamishwe, asibadilishiwe kituo mpaka kitengo hiki kisimame vizuri. Mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi. Robert ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, amepona, na Severa alipoona ile furaha ya Robert ndipo akaelewa kwamba Jumatatu haipo, wala haikuwahi kuwepo. Hasira ikampanda kutoka miguuni.

"Hapana!" akasema. Makofi yakafa. "Mheshimiwa, nisamehe, nimekudanganya. Mimi sina uzalendo wa hivyo. Mimi nataka kwenda kwangu."

"Severa," Robert akanong'ona.

"Niache, bosi! Nimekaa kimya miaka nakaribia kupasuka." Akamgeukia mwenyekiti. "Unauliza watu wanaondoka kwa nini, Mheshimiwa. Mvua zikinyesha, sisi ni mashujaa, tunapigwa picha na ndoo. Zikiisha, tunasahauliwa mpaka mikataba. Mwenye kujiweza anaondoka. Na anayebaki hapewi asante, anapewa kazi ya aliyeondoka." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa fungu la funguo na kulibwaga mezani, na meza kuu ikatikisika pamoja na maua yake. "Hizi si funguo zangu. Yangu ni moja. Nyingine ni za wote tuliowaaga. Ya mablanketi, ya dawa za maji, ya stoo ya ndoo, ya gari bovu. Nikiomba likizo naambiwa nani atazishika. Mwanangu nilimwacha ananyonya, sasa anasoma. Juzi nimempigia simu toka hapa Gerezani, akaniuliza kama bado niko jela."

Hakuna aliyecheka. Moza alijifuta pua kwa ncha ya khanga yake. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta na kitenge kile alichofungwa, akaivaa tena.

"Jela," akasema. "Na mimi hapa nimekuongezea kifungo, na makofi juu." Akamgeukia katibu. "Lile agizo lifute."

"Mheshimiwa," Robert akadakia, "akiondoka huyu, hapa hakuna mwingine anayejua ghala! Nani atashika funguo?"

"Bwana Robert, nyoosha mkono."

Robert akaunyoosha, akidhani anasalimiwa. Mwenyekiti akaziinua funguo kwa mikono miwili, akamwekea kiganjani, na mkono ukashuka. "Wewe. Mpaka uajiri wa kutosha na uwalipe vizuri wakae. Na nitarudi kabla ya masika kuona kama unazijua. Sasa msainie mama huyu, hapa hapa, natazama."

Robert akasaini, kalamu inaparuza.

Ndipo Mheshimiwa Victoria akafungua fundo la kitenge kiunoni mwake, akamfunga Severa. Akachukua kisu kwenye meza ya ndafu. Watu wote wa Dar wanajua maana yake: ukishalishwa kipande cha mbuzi mbele za watu umeshaagwa, na kubaki baada ya hapo ni aibu ambayo hata serikali haiwezi kukuvua. Akakata paja, akachovya kwenye pilipili, akamtilia Severa mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Severa akatafuna huku analia, na mafuta yanamchuruzika kidevuni. Kitwana akataka kusema neno na kwa mara ya kwanza kipaza sauti kikamshinda. Akawaashiria tu vijana, matarumbeta yakalia, na wabunge wakacheza mstari mmoja na wahudumu wa chai.

"Nimekuja kuwazuia watu wasiondoke," mwenyekiti alikuwa anamwambia mwenzake huku anazungusha mabega, "nimemuaga wa kwanza mwenyewe. Lakini mbuzi huyu, du, kachomwa!"

Jua lilipoanza kupoa magari ya waheshimiwa yaliondoka. Mbuzi alibaki mifupa. Severa alipita ghalani kuchukua kikoi chake na kikombe cha chai. Alimkuta Robert mlangoni, koti amelitundika kwenye kitasa, anajaribu funguo moja baada ya nyingine na kupiga chafya. Mkono wa Severa ulishanyooka kumsaidia, wenyewe tu, kabla hajaukataza. Akaurudisha nyuma ya mgongo.

"Ni ile yenye kutu, bosi," akasema.

"Severa," Robert akasema bila kugeuka, na alionekana mchovu kweli kweli, mtu angemhurumia. "Sasa ukiondoka, mimi nitabaki na nani hapa?"

"Hilo ndilo walilokuja kuuliza wabunge, bosi."

Akamuaga vizuri, kwa mkono, akatoka kutafuta bodaboda ya kumpeleka stendi ya mabasi ya Songea.