Vifungo vya Papa Ephraïm

Kazi yangu hapa Kalemie ni kuwafundisha waliopooza kuvaa, kula na kuoga tena wenyewe. Papa Ephraïm, aliyepooza mkono wa kulia, nilimfundisha mwezi muzima kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Kituoni kwetu alivifunga vyote. Sasa kwa nini kila nikimtembelea nyumbani ninamkuta mke wake, Mama Émérence, anamvalisha kama mutoto?

Leo uvumilivu uliniisha. Nilikaa, nikasimama, nikazunguka kiti, nikakaa tena.

"Mama, muache! Unaniharibia kazi!"

"Majirani wakimuona anahangaika na shati, watasema nimechoka na mume wangu," akajibu huku vidole vyake vikiendelea. Alipomaliza kifungo cha shingoni alimpapasa bega, akatoka kwenda kugeuza ndagala zake, samaki wadogo alioanika juani.

Nikamgeukia mzee kwa hasira. "Na wewe Papa, unanyamaza tu! Umesahau yote?"

Kwanza alichungulia mlangoni. Kisha, kwa ule mkono wa kushoto, akafungua vifungo vyote na kuvifunga tena, haraka kuliko ninavyofunga vyangu.

"Kila asubuhi, kabla mke wangu hajaamka, ninavaa na kuvifunga vyote," akaninong'oneza. "Halafu ninalivua shati, ninarudi kulala."

"Sasa kwa nini, Papa?"

"Tangu nipooze, saa ya kunivalisha njo saa pekee ananigusa bila kulia."