Kioo Kilichowekwa Madhabahuni

Kitendawili. Usiniambie tega huku macho yako yako dirishani, nitazame mimi. Nina mgeni mezani kwangu, ananiona, ananisemesha, hata kucheka anacheka, lakini chai hanywi na mkono hanipi. Ni nani huyo, na yuko wapi? Umeshindwa. Ungenipa mji, ila usijisumbue, mji ninao, na huko kwetu kitendawili hicho nusura kituvunjie kanisa.

Kwetu ni Sangalala, nchi iliyojikunja kama khanga iliyokaukia kwenye kamba, milima juu ya milima, na katikati yao umesimama Kileleta, mlima ambao sisi wa bondeni hatujawahi kuuona kichwa kwa sababu ya ukungu, na pia kwa sababu tukitazama juu sana tunapiga chafya. Huko juu wanakaa Wakuu, watu wenye majoho marefu yanayofagia njia kabla hawajaipita, na huko ndiko kiliko Chuo, ambako tangu enzi za babu zetu kila Mlutheri wa Sangalala aliyetaka uchungaji alipanda akiwa kijana mwenye mashavu, akakaa miaka, akashuka amejifunza Kiyunani, kikohozi cha baridi na kuchukia harufu ya mbuzi. Wengi hawakushuka kabisa. Walionja mkate wa Kileleta, unaopakwa siagi pande zote mbili, wakagundua kwamba wito wao ulikuwa ni wa kukaa palepale. Basi juu wachungaji wakawa wanapigana vikumbo mimbarini, na chini, kwenye bonde letu la Vuchamo, watoto wakafikia umri wa kwenda kubatizwa kwa miguu yao wenyewe, huku wakiuliza maswali.

Nasi tusijipambe. Wana-Vuchamo tulikuwa na ugonjwa wetu: tulimtaka mchungaji wa mbali, ambaye shangazi zake hatuwajui. Huyu wa kwetu tuliyemwona akilia kwa surua, tukamfunga na nepi, tutamwogopaje akisimama mimbarini? Hivyo tulikaa miaka tukilia hatuna mchungaji, na kila aliyejitokeza miongoni mwetu tukamcheka hadi akarudi kulima.

Ndipo Wakuu wakatangaza kwamba elimu ya uchungaji itashuka yenyewe, ndani ya kioo. Kilikuwa kioo cheusi, bapa, ukubwa wa ungo wa kupepetea mchele. Ukikiamsha, mwalimu wa Kileleta anatokea ndani, anafundisha, anauliza, anakemea. Mwanafunzi anasoma akiwa nyumbani, kisha kila likizo anapanda mlima kwa majuma machache kujifunza yale yasiyopita kiooni: kuimba liturgia, kumshika mtoto mchanga juu ya maji, kumega mkate bila kumwaga makombo. Katika bonde zima aliyekichukua ni mmoja, Nanzighe, mjane mshona sare za shule, ambaye vidole vyake vilikuwa vigumu kwa sindano na kichwa chake kigumu zaidi.

Mtandao wa kule Vuchamo ulipatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi la Babu Lesani. Nanzighe akasomea hapo, mwavuli mkono mmoja, kioo magotini, mbuzi wakimsikiliza. Tukapaita Chuo Kikuu cha Kichuguu, tukawa tunapita kwa makusudi kumwamkia profesa. Mimi mwenyewe niliuliza kama beberu naye atapewa joho. Yeye alikuwa kwenye Waraka kwa Warumi. Babu Lesani, aliyekuwa hawezi tena kutoka kitandani, alisikia masomo yote kupitia ukuta, na siku moja akamwita Nanzighe, akamwambia kwamba hana haja ya kingine hapa duniani isipokuwa Meza ya Bwana, aipokee kutoka mkononi mwake, ila afanye haraka kidogo. Tangu siku hiyo mimi sikuuliza tena habari za beberu.

Wakati huohuo, kule juu, Baba Mkuu Tufaeli, mkuu wa Wakuu, alikuwa ameanza kukipenda kioo kwa namna yake. Aliona kwamba kama mwalimu anaweza kuwa kiooni, yeye anaweza kuwa kiooni kila mahali. Akaagiza kila ushirika uwekewe kioo kanisani na mlingoti wa kunasia mtandao, akawa anahubiri mabonde yote kwa pamoja bila kulowesha viatu. Na kwa kuwa kwetu mgao wa mnada wa sadaka haupewi mchungaji ambaye hakuwepo ibadani, akatoa waraka: aliye kiooni yupo. Tukasema amina. Tulichana nywele mbele ya kioo kile, tulikifuta kwa kitambaa cha harusi, na kuna bibi mmoja alikipelekea kikombe cha chai. Bibi huyo ni mimi. Usicheke sana, ilikuwa chai ya maziwa.

Ngoja nikueleze mnada. Baada ya ibada, watu wa Vuchamo hutoka nje, na kila kilichoguswa na meza ya madhabahu kama sadaka, ndizi, maharage, jogoo, hunadiwa. Kikishakaa juu ya ile meza si chako tena, uwe ulikusudia au hukukusudia. Mwinjilisti mgeni alisahau kofia yake pale; tukaipiga mnada, akaikomboa kwa jogoo, akaenda zake kichwa kimefunikwa na uso umevimba. Na anayenunua ni lazima awepo. Wa kutuma sauti hatumsikii.

Nanzighe alipomaliza masomo, Baba Mkuu mwenyewe alimpima, naam, kiooni, sisi tukiwa tumejazana chini ya kichuguu. Alimuuliza Katekisimu, akajibu. Alimuuliza Kiyunani, akajibu hadi mbuzi wakanyamaza. Lakini Baba Mkuu hakutaka mchungaji Vuchamo. Penye mchungaji kioo hakina mgao. Akavuta pumzi, akauliza polepole:

"Binti, sheria yetu inasema asiyekaa chuoni hawekewi mikono ya uchungaji. Muda huo wote uliokuwa ukisoma, ulikuwa wapi?"

Hapo Nanzighe alikuwa amenaswa. Akisema kichuguuni, amekwisha. Akisema chuoni, sote tulimwona kichuguuni.

"Utanijibu Jumapili ya Mavuno, mbele ya ushirika wako," akasema Baba Mkuu. "Baada ya mnada. Sadaka zisicheleweshwe."

Mavuno yakafika. Babu Lesani alikuwa amebaki macho na pumzi. Kanisani, kioo kilikuwa kimewekwa kwenye kigoda kama kawaida, lakini Baba Mkuu akalalamika kwamba anaonekana mfupi, anawatazama watu magotini. Akaamuru apandishwe madhabahuni. Mzee Kirumbi, mzee wa kanisa na mnadishaji wetu, akauliza mara mbili kama kweli. Kweli, akaambiwa. Akampandisha, kati ya boga na debe la maharage.

Ibada ikaisha. Ndizi zikauzwa, boga likauzwa, maharage yakauzwa, na Mzee Kirumbi, bila tabasamu, akainua kioo, Baba Mkuu akiwa ndani yake anamalizia kupangusa miwani.

"Hiki nacho kilikuwa mezani. Nani anaanza?"

Watu walitazama chini kwanza. Kisha mmoja akauliza kama kinataga. Mwingine akasema hakili sana, hilo ni jema. Baba Mkuu akaamuru arudishwe ndani, akakumbushwa kofia ya mwinjilisti, ambayo hukumu yake aliiidhinisha yeye. Hapo mimi nikanyoosha mkono. Nilisema natoa kuku, yule mzee asiyetaga, nami nitakitundika bandani, maana fungo wananimalizia vifaranga na huenda uso ule ukawafukuza.

"Kuku mzee, mara ya kwanza," akasema Mzee Kirumbi.

"Natoa fahali," ikasema sauti ya kiooni, nyembamba kuliko tulivyoizoea.

Mzee Kirumbi akakigeuza kioo, wakatazamana. "Baba, wewe unajua taratibu zetu. Anayenunua ni aliyepo. Uko wapi?"

Nanzighe akasogea mbele, kitambaa cha mezani kimekunjwa mkononi, kikombe na sahani ndogo vya Meza ya Bwana vikiwa tayari, na kutoka pale tuliweza kuliona paa la Babu Lesani.

"Baba Mkuu," akasema, "swali lako bado ninalo. Lako na langu ni moja: aliye kiooni yuko wapi? Jibu utakalolitoa, nami nitalichukua hilohilo."

"Kuku mzee, mara ya pili."

Uso kiooni ukaganda. Wengine wakasema ni mtandao, na kweli upepo ulikuwa umegeuka. Lakini mimi niliyekuwa karibu, nimeshamkamata kuku wangu mabawa, niliona kope zikicheza. Hadi leo sijui alikuwa anawaza mgao, au fungo, au Babu Lesani.

"Mara ya mwisho. Baba, uko wapi?"

"Niko Vuchamo," akasema. "Niko pamoja nanyi."