Mzunguko wa Emile

Ukumbi wa wakulima wa kijiji kile cha Vermont ulikuwa umeshapata joto, na watu walikaa mabenchini wakivua mabuti ya theluji na kuvaa viatu vya soli laini, Wendell Hatch alipomfuata Maxine Thibault kwenye meza ya pai. Maxine ndiye mwita-hatua wao: fidla ikilia, yeye husimama jukwaani na kuwaambia wachezaji wamshike nani, wageuke wapi.

"Sina ubaya na mdogo wako," Wendell alisema. "Ila ikifika zamu ya kuzunguka na mwanamume, mwili unakataa."

"Mbona ng'ombe akizaa unamkumbatia mpaka shingo?"

"Ng'ombe hanikodolei macho, Maxine."

Hapo alisema kweli. Katika densi yao kila jozi husogea mstarini na kukutana na jirani mpya, na jirani hushikwa, huzungushwa na kutazamwa machoni ili mtu asipate kizunguzungu. Emile, mdogo wake Maxine wa kiume, hucheza na Roscoe, mwanamume aliyefunga naye ndoa, kwa hiyo wanaume wa mstari ule hawakosi kumfikia.

Maxine aliwapenda wote wawili. Alijua pia kwamba bila trekta la Wendell la kusukuma theluji, hakuna gari ambalo lingefika ukumbini hadi Aprili, na densi ingekufa. Akashika kipaza sauti.

"Asiyejisikia kuzunguka na jirani aliyemfikia, ainamishe kichwa tu, ampite."

Watu walishusha pumzi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Wendell alipomfikia Emile, aliinamisha kichwa kwa adabu, akapita. Emile alikuwa ameshanyoosha mikono. Fidla haikungoja, mzunguko ulimkuta peke yake, bila mtu wa kushikilia uzito wake, ukamnyanyua. Alipanda taratibu mpaka nyayo zikakanyaga mbao za dari, kichwa chini. Roscoe aliuachia mkono aliokuwa ameushika, akamfuata.

"Kuna utando wa buibui huku," Emile alisema.

"Ngoja tukurushie ufagio," mpiga fidla alijibu, upinde ukiendelea.

Majira yale ya baridi walipanda wengine, hata mjane mmoja aliyezoea kucheza na mwanamke jirani yake kwa uhaba wa wanaume. Chini kukawa na nafasi, hakuna aliyekanyagwa. Wendell akawatengenezea ngazi ya kushukia wakati wa pai, na aliipiga msasa kwa makini isije ikawachoma mikono. Kila mtu aliridhika. Maxine alijifunza kuita hatua akitazama juu na chini, na shingo ilimuuma kidogo tu.

Ila densi ya mwisho, ile ya polepole, alikuwa akicheza na Emile tangu alipomfundisha jikoni kwa mama yao. Sasa alipanda juu ya kiti, na kidole chake hakikufika. Alimkosa, na iliuma.

"Shuka basi, mdogo wangu."

"Huku sipitwi na mtu, dada. Nipo vizuri."

Jumamosi iliyofuata theluji ilianguka mchana kutwa, na trekta lilikuwa likinguruma uani. Maxine alishika kipaza sauti, akamtazama mdogo wake, akayasema maneno yaleyale. Emile hakusubiri kupitwa. Alifunga kamba za viatu, akambusu dada yake shavuni, akapanda ngazi kabla fidla haijaanza, ili asimcheleweshe mtu.