Tabaka Jeusi

Mtaalamu wa visukuku na wifi yake walishirikiana meza moja ya maabara tangu kabla hawajawa mawifi. Mtaalamu mwenyewe ndiye aliyempeleka rafiki yake nyumbani, kaka yake akamwona, mengine yakawa ya harusi. Kazi yao ilikuwa kuzamisha mabomba kwenye tope la ziwa la bahari, lile lililozungukwa na mwamba wa matumbawe kama bangili, kisha kuyapasua na kuchambua makombe ya kale tabaka kwa tabaka. Mtaalamu alikuwa na jicho, wifi alikuwa na ulimi, kwa hiyo mikutanoni alikwenda wifi.

Chini kabisa ya bomba walijaa chaza wanene na konokono wapendao maji yanayopita. Juu yao lilikaa tabaka jeusi lenye harufu ya mayai viza, karibu tupu. Enzi hizo vifusi viliziba mlango wa mwambani, pale maji ya bahari yanapoingilia, maji yakakosa pumzi, viumbe wakafa. Juu zaidi mlango ulifunguka tena, konokono wakarudi kidogo kidogo.

Kampuni moja ya hoteli ilitaka kuuziba mlango huo ipitishe barabara juu yake. Watu wakaitwa ukumbini kusikiliza mpango. Mtaalamu naye alikwenda, akaketi nyuma. Alishangaa kumwona wifi kwenye viti vya kampuni, ila akajiambia labda amealikwa tu kutoa maelezo.

Kisha picha ikawaka ukutani. Yalikuwa makombe yake. Aliyajua hata kwa mapengo yao. Chini konokono, juu konokono. Tabaka jeusi lilikuwa limekatwa, vipande viwili vikaunganishwa vizuri mno.

"Kama mnavyoona," wifi alisema kwa sauti yake ile tamu, "ziwa hili halijawahi kudhurika."

Mtaalamu alisimama. Mwenyekiti akamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye niliyeyachambua hayo makombe," alisema. "Katikati pana tabaka la vifo. Lilitokea mlango ulipoziba. Hapo halipo."

Ukumbi ukaguna. Wifi alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Mwenyekiti akaahirisha uamuzi mpaka bomba zima liletwe mbele ya watu.

Mtaalamu alimngoja wifi nje, penye matangi ya maji. Alikuwa ameandaa maneno makali, lakini alipomwona yote yalimtoka, akauliza tu kwa nini hakumwambia.

"Ningekwambia, ungekataa."

"Na kaka?"

Wifi akaufungua mkoba wake, akaufunga. Kaka alijua. Ndiye aliyemkutanisha na watu wa kampuni, wifi akakiri. Na Jumapili iliyopita alikula kwa dada yake, akasifu chakula, akaulizia kazi inaendeleaje. Hilo ndilo lililomchoma mtaalamu kuliko ile picha.

Bomba lilipelekwa. Watu walilisogelea, wakanusa wenyewe, wakaziba pua, na kampuni ikaambiwa itafute njia nyingine. Wifi alihamisha vitu vyake maabara mchana mmoja, mtaalamu akiwa hayupo.

Baadaye kaka alipiga simu, dada yake akiwa maabara, mikono ina tope la bomba. Alisema mambo ya nyumbani hayaanikwi ukumbini, na kwamba wifi yake analia. Dada alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akaulizia hali ya watoto wa kaka, akajibiwa hawajambo, akaaga. Hakulia mpaka alipokwisha kuosha mikono.