Hadithi za Paka Mchana Kweupe

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nimefundisha darasa la tatu Ujiji mpaka nikastaafu, na mtoto akiziba masikio ninaposoma, damu hunichemka. Ndiyo maana Tuyizere alinikera tangu siku ya kwanza.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita. Walifikia Kibirizi, kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, wakangoja malori ya kwenda kambini. Tuliokuwa na uji tuliwapa uji. Mimi nilikuwa pia na kitabu cha hadithi za kale za paka, na penye dagaa paka hawaalikwi, wapo tu. Basi kila baada ya adhuhuri nilikalia ndoo iliyopinduliwa, nikasoma kwa sauti. Waliojua Kiswahili waliwanong'oneza wenzao, na watu waliokuwa wamesahau kucheka wakacheka. Tuyizere peke yake alikwenda kukaa kando, katupa mgongo, vidole masikioni, macho ziwani.

"Mtoto huyu hana adabu," nilimwambia Consolate, jirani yao aliyevuka naye.

"Usimkasirikie, Mwalimu. Nyogokuru, yaani bibi yake, alimfundisha kwamba hadithi ikisemwa mchana, mama wa anayeisikiliza hupotea. Na mama yake alimpakia kwenye boti, akarudi kumfuata huyo bibi. Bado hajafika."

Nikamwambia hayo ni mambo ya kale, tena kusoma si kusimulia.

"Basi tusomee usiku," akasema kwa upole.

Usiku hapakuwa na mafuta ya taa, na mimi sharti niwe nimerudi Ujiji kabla ya magharibi. Kitabu kinataka mwanga, hadithi inataka giza. Nikarudi Ujiji na hasira zangu.

Kesho yake nikasoma ile ya paka aliyetiwa kwenye gunia asiione njia, akatupwa ng'ambo ya mto, naye akaanza kurudi kwao. Paka alipofika ukingoni mwa mto, nikamwona Tuyizere amesogea karibu. Vidole vilikuwa bado masikioni, ila vimelegea. Alikuwa analia. Alitaka kujua kama paka atafika, na aliogopa kujua. Hasira zangu zote zikaniishia, nikaacha kusoma.

Consolate akainuka. Akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika mtoto mwili mzima.

"Usiku umeingia," akasema, naye akajitanda mtandio usoni.

Mzee Ntahomvukiye akavuta koti lake juu ya kichwa. Wanawake wakafuata, kitenge kwa kitenge, shuka kwa shuka. Halafu wachukuzi wa dagaa, watu wa hapa hapa kwetu waliokuwa wakipita na mizigo, wakaitua, wakaketi, wakajifunika magunia. Jua la saa nane linawaka, na ufuo mzima umeingia usiku kwa ajili ya mtoto mmoja. Nimesoma mbele ya wakaguzi wa shule bila kutikisika, lakini siku ile ilibidi niutafute mstari kwa kidole. Nilijiona kama niliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu.

Nikasoma. Ni mimi tu niliyeiona boti ikifika. Mwanamke mmoja akashuka majini, peke yake, akaja mpaka mchangani, akasimama ghafla. Mbele yake watu wameketi chini, wamejifunika, kimya. Akaelewa kama mtu yeyote wa huku angeelewa: pale pana msiba.

Akapiga magoti. "Ni nde yapfuye?" akauliza kwa Kirundi. Nani amekufa?

Hakuna aliyejifunua. Chini ya kitenge cha Consolate ikatoka sauti ndogo.

"Mama, ingia upesi. Huko nje ni mchana."

Mwanamke akatambaa mchangani, akainua pindo, akaingia. Kitenge kikatikisika kwa muda mrefu.

"Mwalimu, endelea," Consolate akasema ndani ya mtandio wake.

Sikuiona tena hata herufi moja. Nikafunga kitabu, na mchana kweupe, kwa kichwa changu mwenyewe, nikamvusha yule paka mto na kumfikisha mlangoni kwao.