Daraja Lililokamilika Bungeni

Kumgeuza mtu mzima aliyepooza kuna namna yake. Unakunja goti kwanza, unauvusha mkono wake juu ya kifua, kisha unashika bega na nyonga na kuvuta kwa pamoja, ukiegemea nyuma ili uzito wako ndio uvute, si mgongo wako. Fundi cherehani mmoja alifundishwa hayo na nesi siku za mwanzo za kulazwa kwa mumewe, wodi ile ilipokuwa bado na manesi. Sasa alikuwa amebaki mmoja, wenzake wamepelekwa vitani, na huyo mmoja sindano peke yake zilimchosha. Kulisha, kuosha na kugeuza kulikuwa kazi ya ndugu. Asiye na ndugu alilala alivyolazwa.

Mumewe hakuwa na ndugu ila yeye. Watoto Mungu hakuwajalia, na wazee wao walishatangulia wote. Mume alikuwa mwashi, mwashi hodari, mpaka siku aliyoteleza kwenye jukwaa la nguzo ya mwisho ya daraja jipya. Tangu siku hiyo, kuanzia kifuani kwenda chini hakuna kilichomtii.

Siku moja mkewe alifika jioni badala ya asubuhi. Kivuko kilizima katikati ya mto kikachukuliwa na maji mpaka kwenye matete, abiria wakashinda juani na vikapu vyao. Alipomgeuza aliona shuka limegandia mgongoni. Akalilowesha, akalibandua taratibu, na chini yake pakawa na kidonda kipya, kibichi, juu kidogo ya makalio. Mumewe hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomtisha mwanamke.

"Leo umechelewa," mwashi alisema, wala si kwa kulaumu.

"Kivuko."

"Si wamalizie lile daraja? Nguzo zote nimewaachia zimesimama. Wamebakiza kulaza vyuma tu."

Vyuma vililetwa kweli, vikalazwa ukingoni chini ya turubai. Vita vilipoanza yakaja malori ya jeshi yakavibeba, na mainjinia wakaondoka nyuma yake. Zikabaki nguzo peke yake zimejipanga mtoni, ndege wanazitumia. Mwashi hakuwahi kuambiwa. Mkewe aliona amebebeshwa ya kutosha.

Mitumbwi nayo ilikusanywa, ati isije ikavusha maadui, na mji wa ng'ambo, ilipo hospitali, ukatangazwa kuwa wa kijeshi: mgeni haruhusiwi kulala huko bila kibali, na wake wa waashi hawakuwa watu wa kupewa vibali. Kikabaki kivuko kile cha bati chenye injini ya kukohoa. Nahodha wake watu walimpa jina la Kesho, kwa kuwa kila ukimuuliza kitatengenezwa lini, hakuwa na jibu lingine. Alikuwa mcheshi, rafiki wa mwashi wa siku nyingi, na alimwita fundi cherehani shemeji na kumwekea nafasi karibu na injini penye joto. Mama yule alivuka alfajiri kumhudumia mumewe, akarudi mchana kushona mashati ya askari katika ukumbi wa mji, akavuka tena jioni na kurudi kulala. Maisha gani hayo, lakini yalikuwa maisha. Mradi kivuko kitembee.

Mbunge alipokuja kukagua mashati alikuja na mpiga picha. Alishika kola hii na ile, akasifu vifungo, akawaita kina mama jeshi la sindano, kisha akauliza kama kuna lolote wangependa alifikishe mbele. Watu walijua maswali ya namna hiyo, huulizwa ili mtu ajibu kwamba hakuna. Fundi cherehani alikuwa bado anakiona kile kidonda. Akapiga moyo konde, akasimama na uzi mdomoni, akamwomba aiulize serikali bungeni daraja litamalizwa lini.

Kina mama wakapiga makofi mpaka mashine zikatikisika. Mheshimiwa naye alifurahi, tena furaha ya kweli, maana magazeti yalikuwa yameandika kwamba tangu vita vianze hajafungua mdomo. Akamshika mkono mbele ya kamera.

"Swali lako litaulizwa, mama."

Basi kwa majuma kadhaa akawa mtu wa watu. Walimwita Mama Swali. Muuza samaki alimwongezea, msimamizi wa ukumbi alimruhusu kutoka mapema, na Kesho alitangaza mbele ya abiria kwamba shemeji yake anamnyang'anya kazi, na yeye anamshukuru, kiuno kimechoka.

Siku ya swali redio iliwekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa na mashine zikasimama zote. Mheshimiwa aliuliza vizuri, kwa sauti nene. Naibu Waziri wa Ujenzi akasimama kujibu.

"Mheshimiwa Spika, pamoja na vita, serikali hii haijalala. Napenda kulijulisha Bunge lako tukufu kwamba daraja hilo limekamilika."

Mtu mmoja ukumbini alicheka, akidhani amesikia vibaya. Wengine walimtazama Mama Swali kana kwamba yeye anaweza kuwaeleza. Papo hapo redioni kulisimama mbunge mwingine, yule mkali wa matumizi, ambaye kina mama walimpenda kwa sababu aliwahi kuwaumbua mawaziri kwa magari yao. Yeye alikuwa na swali la nyongeza.

"Kwa kuwa daraja limekamilika, kwa nini serikali bado inachoma mafuta kwenye kivuko mahali palepale, wakati vijana wetu huko mstari wa mbele wanahitaji kila tone?"

Naibu Waziri alimshukuru kwa uzalendo wake na akaahidi kwamba upotevu huo utakomeshwa mara moja. Wabunge wakapiga meza, wakapiga kwa muda mrefu. Mbunge mkali hakuwa mnafiki. Hakuwa ameuona mto ule maishani mwake, na jibu alilipata kwa mtu anayelipwa kujua. Mheshimiwa wao alipewa nafasi tena, na aliitumia kushukuru kwa majibu mazuri.

Alfajiri iliyofuata fundi cherehani alivuka kama kawaida. Alimkuta mwashi anamngoja, macho yanang'aa kama ya bwana harusi. Redio ya wodi ilikuwa imesema.

"Wamemaliza! Mke wangu, wamemaliza, na wewe hukuniambia? Ulitaka kunishtukiza?"

Akamkalisha kitako kwa maswali: wameweka kingo za chuma au za zege, malori yanapishana, nguzo ya mwisho haikutoa ufa? Mkewe alimwosha uso. Akasema kwamba nguzo hazina ufa hata mmoja, na hilo lilikuwa kweli. Mwashi akacheka mpaka akakohoa. Alisema sasa hata kivuko kikizima hana wasiwasi, mkewe atakuwa anakuja kwa miguu, saa yoyote. Mkewe alimgeuza, akapaka dawa kidondani, akaondoka bila kuweza kumtazama usoni.

Kivuko kilipomrudisha mchana, lori lilikuwa linakingoja ukingoni. Abiria hawajamaliza kushuka, askari wakaanza kung'oa injini kwa minyororo. Kesho alikaa juu ya ndoo ya mafuta iliyopinduliwa, kofia magotini, akiwatazama.

"Shemeji," alisema, "ungekaa kimya."

Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

Baada ya hapo jina la Mama Swali liliendelea kutumika, ila sasa lilitamkwa nyuma ya mgongo wake. Wachuuzi waliokuwa wakivuka kuuza mboga walikosa soko. Waliokuwa na kazi ng'ambo walikosa kazi. Hakuna aliyeweza kumfikia Naibu Waziri amtukane, lakini Mama Swali alikuwa hapohapo, anapita barabarani kila siku. Ukumbini mashine za jirani zilisogezwa kidogo, eti kufuata mwanga. Akisalimia anaitikiwa, na salamu inaishia hapo. Usiku mmoja mikono yake ilikosa kazi, akajikuta amekunja blanketi kwa urefu kitandani na kuligeuza upande wa pili. Alilia usiku huo, kwa sauti, na hakuna aliyekuja kugonga mlango kuuliza kuna nini.

Alikwenda ofisi ya mbunge. Mheshimiwa alikuwa vikaoni, kwa hiyo mama alipokewa na katibu wake, kijana nadhifu mwenye adabu nyingi, aliyemvutia kiti mwenyewe.

"Swali lako lilijibiwa, mama. Tena vizuri sana."

"Daraja halipo, baba."

Katibu akageukia dirisha. Mto wote ulionekana kutoka pale, na nguzo zote. "Mbona naliona," alisema.

"Unaona nguzo."

"Mama yangu, nisikilize. Jambo likishajibiwa bungeni haliulizwi tena mpaka muda upite. Ni kanuni, si mimi. Na hata kanuni isingekuwepo, unataka Mheshimiwa asimame aseme Waziri kadanganya? Wakati wa vita? Unajua mtu kama huyo wanamwitaje?"

Fundi cherehani akamwomba basi apande boti la jeshi linalovuka kila asubuhi, siku moja moja tu. Katibu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Boti la jeshi haliruhusiwi kubeba raia mahali penye daraja. Akaomba kibali cha kuhamia ng'ambo. Kibali hutolewa kwa mtu ambaye hana njia ya kwenda na kurudi, na yeye njia anayo, imo katika kumbukumbu za Bunge.

"Mume wangu hageuzwi," mwanamke alisema. Aliona aibu kulisema mbele ya kijana, lakini hakuwa na neno jingine. "Analala upande mmoja. Anaoza mgongo."

"Hospitali ina wauguzi."

"Yupo mmoja."

"Kumbe." Na hapo, kwa mara ya kwanza, katibu alichukua kalamu. "Hilo sasa ni swali la Wizara ya Afya. Hilo halijajibiwa. Niliandike?"

Mwanamke alimfikiria yule nesi, anavyoburuta miguu kati ya vitanda na sahani ya sindano. Labda siku moja moja, akipata nafasi, alimsukuma mwashi kidogo. Akanyoosha mkono akafunika karatasi.

"Hapana, baba. Nakuomba. Usiliulize."

Katibu alirudisha kalamu mahali pake, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Jioni alipika kama anavyopika siku zote, bila kujua kwa nini, akafunga chakula kwenye kitambaa akatelemka mtoni. Hakwenda kivukoni alikokuwa Kesho. Alipanda tuta la daraja, juu ya changarawe iliyomwagwa na kushindiliwa, mpaka pale zege linapokatika. Kutoka hapo hospitali ilionekana vizuri kuliko mahali pengine popote, jengo refu jeupe, na alilijua dirisha. Huko ndani mtu wake alikuwa anajua kwamba daraja lipo, na ni la kutembea kwa miguu, saa yoyote. Mwanamke hakujua anamfikiriaje mke asiyekuja. Wazo hilo lilimkata maini kuliko kidonda.

Tangu daraja likamilike lilikuwa limewekewa ulinzi, kama madaraja yote ya nchi. Mlinzi wake alikuwa askari mtu mzima, mvi kidevuni, aliyekuwa akitembea huku na huku kwenye tuta na bunduki begani. Alimwacha mama kwa muda. Kisha akamsogelea.

"Mama, hapa hapasimamwi. Hapa ni darajani."

"Namtazama mgonjwa wangu."

"Naelewa. Lakini amri ndiyo hiyo. Vuka, au urudi nyumbani."

Akamuuliza avukie wapi. Askari hakugeuka kutazama mto. Aliutazama ule mzigo wa chakula mikononi mwake, akatazama viatu vyake mwenyewe, akahamisha bunduki kwenda bega la pili. Ng'ambo taa za wodi zilianza kuwashwa, dirisha kwa dirisha. Mwanamke hakuondoka.

"Mama," askari alisema tena kwa upole, "unawazibia njia wanaovuka."

Nyuma ya mwanamke hapakuwa na mtu.