Jicho la Pili

Nasomea afya ya mifugo, mwaka wa pili, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu naitwa Mtaalamu. Huku Unyambwa jina hilo hupewa pia mganga wa kienyeji. Tofauti yetu ni kwamba mganga anasikilizwa. Mimi huulizwa tu kama ni kweli ukila tikiti na asali unakufa. Nikijibu si kweli, shangazi Emiliana hunishukuru, kisha anaisambaza habari ileile kwa kwaya nzima, "kwa tahadhari tu".

Mwaka jana nilikuja nyumbani kwa usiku mmoja tu, na kichupa cha chanjo ya kideri, nimekitia ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kideri tunakijua sote: kiangazi kikishika, kuku wanapinda shingo, wanaharisha kijani, na wiki haiishi banda limekuwa tupu. Kichupa kimoja hutosha kuku mia. Shangazi alikuwa na hamsini, na jirani yake, mzee Bonaventura, alikuwa na hamsini. Lakini kuku huchanjwa asubuhi kabla hawajafunguliwa, na basi langu la kurudi chuo lilikuwa la alfajiri. Basi nikamwachia shangazi kazi. Nilimwambia mara tatu: tone moja, jicho moja, kila kuku. Akaitikia mara tatu.

Sijafika hata Manyoni, simu ikaita.

"Aneth mwanangu, dawa imeisha na kwa mzee sijafika."

"Imeishaje, shangazi? Imemwagika?"

"Imwagike wapi! Nimeweka macho yote. Kuku ana macho mawili, wewe ukasema moja. Nikajua umepitiwa, kusoma kwenyewe kote huko."

Nilitaka kulia mbele ya abiria. Nilimpigia mzee Bonaventura, nikamsihi amtafute bwana mifugo. Akasema hana haraka, atanisubiri mimi.

Kideri hakikunisubiri. Kuku wa shangazi walibaki wote hamsini. Wa mzee walikufa arobaini na tisa. Aliyebaki alikuwa tetea mmoja mwenye chongo, na huyo ndiye aliyenimaliza kabisa.

Maana mtaa ulikaa chini ukafanya utafiti. Kuku waliotiwa dawa macho mawili wamepona. Kuku mwenye jicho moja kapona. Basi ugonjwa unaingilia macho, tena unahitaji mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea. Mhadhiri wangu angewapa sifuri, lakini mhadhiri wangu hajawahi kutoa hoja ikaeleweka na watu wengi kiasi hicho kwa siku moja.

Mwaka huu nilirudi kwa mafunzo ya vitendo, miezi mitatu. Mzee Bonaventura alikuwa ameanza upya na kuku thelathini, yule chongo akiwa kama malkia wao. Nikamwamkia, nikamshika jogoo wa kwanza, nikamtia tone la chanjo jichoni. Mzee akanikamata mkono.

"Na la pili."

Nilimweleza. Mwili wa kuku ni mmoja, damu yake ni moja, kinga ikiingia huku inafika na kule. Nilichora hata kuku ardhini kwa kijiti. Alinisikiliza kwa heshima zote mpaka nikamaliza.

"Nimekuelewa, mjukuu wangu. Weka na la pili."

"Mzee, haina maana, na haitatosha. Majirani nao wanasubiri kichupa hikihiki."

"Basi acha kabisa. Nimeshazika arobaini na tisa. Wewe hukuwepo."

Kweli sikuwepo. Nilikuwa chuoni nafanya mtihani wa magonjwa ya kuku, na nilipata alama nzuri. Nilimtazama yule mzee na banda lake, hasira zote zikaniishia. Nikaingia jikoni kwa shangazi, nikachukua kichupa kitupu, nikakijaza maji yaliyochemshwa yakapoa. Jicho la kwanza chanjo, jicho la pili maji. Mzee akatabasamu kwa kila kuku, wote thelathini. Niliona aibu mpaka masikioni, lakini niliendelea kudondosha.

Kideri kilipokuja kilisomba mabanda mtaa wa juu, kwake hakikugusa hata kifaranga. Siku naaga, mzee akaja na jogoo amemfunga miguu, zawadi yangu.

"Mjukuu wangu, safari ijayo usihangaike na barafu. Niletee kile kichupa cha pili peke yake. Kile cha kwanza kinawachoma kuku, na mwaka jana hakikutosha. Hiki cha pili ndicho chenyewe."

Nikaona sasa basi, uongo wangu utawaua hawa thelathini. Nikapiga moyo konde.

"Mzee, nisamehe. Kile cha pili kilikuwa maji. Maji matupu."

Akamtazama yule tetea mwenye chongo, akanitazama mimi. Nikasema moyoni, haya, leo elimu imeingia. Akageuka kuangalia kama shangazi yuko karibu, akanisogelea, akashusha sauti.

"Ya kisima gani?"